Kabla hujalipia hosti ya tovuti yako: jina liko mikononi mwa nani, na nakala ziko wapi?

Kila kipindi chetu kinapogusa biashara za mtandaoni, simu zinazoingia hurudia swali moja: "Kampuni gani nzuri ya kuhosti tovuti?" Anayeuliza huwa ni mwenye nyumba ya wageni, mwalimu mkuu wa shule binafsi, katibu wa SACCOS au kijana mwenye duka la nguo aliyechoka kutegemea Instagram peke yake. Anatarajia kutajiwa jina moja, akalipie jioni hiyo hiyo.

Makala haya hayatakutajia jina hilo. Kampuni nzuri mwaka huu inaweza kuuzwa mwakani, ikapandisha bei au ikakimbiwa na mafundi wake wazuri. Kinachokulinda zaidi ni kujua mambo ya kukagua kabla hujatoa hela, na kuhakikisha kwamba siku mambo yakiharibika unaweza kuondoka na mali yako yote bila kumpigia mtu magoti.

Vitu vitatu vinavyouzwa kama kimoja

Ukimwendea fundi wa tovuti, mara nyingi atakupa bei moja ya jumla. Ndani ya bei hiyo mna vitu vitatu tofauti. Cha kwanza ni jina la tovuti, ambalo kitaalamu huitwa kikoa: yale maneno yanayoishia na .com, .co.tz, .or.tz na kadhalika. Cha pili ni nafasi kwenye seva, yaani kompyuta inayowaka usiku na mchana ikiwapa watu kurasa zako kila wanapozifungua. Hiyo ndiyo hosti yenyewe. Cha tatu ni kazi iliyomo: maandishi, picha, orodha ya wateja, hifadhidata.

Hosti ni kama nyumba ya kupanga. Kazi yako ni vyombo vilivyomo ndani. Kikoa ni kama laini yako ya simu: ukihama nyumba, namba haibadiliki, wateja wanaendelea kukupata. Lakini hilo ni kweli iwapo tu laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wote tunajua shida ya mtu aliyetumia kwa miaka mitano laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji, siku imepotea, anakwenda kurudisha namba anaambiwa alete mwenyewe.

Kwenye tovuti, mkasa huo hutokea kuliko watu wanavyodhani. Msikilizaji wetu mmoja mwenye nyumba ya wageni alilipa fundi akatengenezewa tovuti nzuri, na wageni wakawa wanaulizia vyumba kwa barua pepe yenye jina la biashara yake. Kikoa kilisajiliwa kwa akaunti ya fundi, kwa barua pepe ya fundi. Miaka miwili baadaye fundi akahama mji, namba yake haipatikani. Onyo kwamba kikoa kinakaribia kuisha lilikwenda kwa fundi. Kikaisha. Tovuti ikazimika, na barua pepe za wageni zikaanza kurudi kwa waliozituma. Mwenye nyumba alikuwa na risiti zote mkononi, lakini kampuni ilimjibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha mwenye jina ni mtu mwingine. Kwa upande wao walikuwa sahihi. Kampuni inayomkabidhi kikoa kila anayekuja na risiti ingekuwa hatari zaidi. Ikabidi anunue jina jipya, apake upya kibao cha barabarani, achapishe upya kadi, na awaandikie mawakala mmoja mmoja.

Kusahau kulipia kikoa hakuwapati wadogo tu. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft haikulipia kwa wakati jina la passport.com, lililotumika kuingilia huduma ya barua pepe ya Hotmail. Watumiaji wakafungiwa nje sikukuu ya Krismasi. Aliyewaokoa ni mtaalamu mmoja wa programu wa Marekani, Michael Chaney, aliyelipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Ilikuwa bahati yao kwamba aliyegundua hakuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo kabla ya kuulizia kasi na bei, uliza: kikoa kitasajiliwa kwa jina la nani na kwa barua pepe ipi? Jibu linalokubalika ni jina lako au la taasisi yako, na barua pepe unayoifungua wewe. Iwe barua pepe isiyotegemea kikoa hicho hicho, maana jina likizimika na barua pepe yake inazimika nalo, na hutaweza kupokea hata ujumbe wa kukurudishia nywila. Fundi anaweza kupewa ruhusa ya kufanya kazi. Umiliki ubaki kwako. Unaweza kuhakiki mwenyewe kwa huduma ya bure iitwayo WHOIS, ambayo huonyesha kikoa kimesajiliwa kupitia msajili gani na kinaisha lini. Jina la mwenye kikoa siku hizi mara nyingi hufichwa kwa ajili ya faragha, hivyo la umiliki lihakiki ndani ya akaunti ya usajili yenyewe.

Vikoa vya .tz viko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na huuzwa na wasajili walioidhinishwa ambao orodha yao iko wazi. Angalia kama unayetaka kumlipa yumo. Kwa .com, kanuni za kimataifa zinamtaka msajili akutumie onyo takriban mwezi mmoja kabla ya jina kuisha, na tena takriban wiki moja kabla. Likishaisha, kwa kawaida kuna kipindi cha neema ambacho urefu wake hutegemea msajili, kisha siku 30 za kulikomboa kwa gharama ya juu zaidi, halafu siku tano, na baada ya hapo yeyote duniani anaweza kulichukua. Nashauri ulipie miaka miwili au mitatu kwa mpigo. Ni gharama ndogo kuliko zote katika biashara hii, na ndiyo yenye madhara makubwa ikisahaulika.

"Tunapatikana asilimia 99.9"

Karibu kila kampuni ya hosti hutangaza asilimia hiyo. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia 99.9 maana yake tovuti inaweza kuzimika kwa dakika 43 hivi kila mwezi na kampuni bado ikawa imetimiza ahadi. Asilimia 99, inayosikika karibu sawa, ni zaidi ya saa saba kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya siku tatu na nusu.

Soma pia wanalipa nini wasipotimiza. Kwa kawaida ni punguzo la sehemu ya ada ya mwezi huo. Kama unalipa shilingi 10,000 kwa mwezi, fidia yako haiwezi kuzidi hapo, hata kama siku hiyo ulipoteza wageni kumi wa wiki nzima. Ahadi hiyo ichukulie kama tangazo. Ukweli utaupata kwa kupima: zipo huduma za bure zinazoigonga tovuti yako kila baada ya dakika tano na kukutumia ujumbe isipoitika. Iweke siku ya kwanza. Miezi mitatu ikipita utakuwa na ushahidi wako mwenyewe, na ukizungumza na kampuni utazungumza kwa tarehe na saa.

Sababu kubwa ya tovuti ndogo kuyumba ni kwamba nyingi hukaa kwenye hosti ya pamoja. Ni ile nyumba ya uswahilini yenye wapangaji wanane na luku moja. Umeme unawatosha wote mpaka mmoja anunue jiko la umeme. Tovuti ya jirani yako kwenye seva ikipata wageni wengi ghafla, au ikivamiwa na wahuni wakaanza kuitumia kusambaza barua taka, na wewe unaumia: kurasa zinakuwa nzito, na barua pepe zako zinaanza kuangukia kwenye taka kwa sababu mnatumia anwani moja ya seva. Hosti ya pamoja si mbaya. Kwa duka au shule inatosha kabisa. Ila uliza kama kila mteja ametengwa na kuwekewa kikomo chake. Kampuni inayojua kazi hujibu swali hilo kwa sentensi mbili. Isiyojua itakurudishia kipeperushi cha bei.

Neno "bila kikomo" nalo lisikulaghai. Hakuna diski isiyo na kikomo. Kikomo kimeandikwa kwenye masharti, mara nyingi kama idadi ya mafaili au "matumizi ya haki". Na tovuti ya kurasa kumi yenye picha zilizopunguzwa vizuri haifikishi hata GB 1, hivyo usilipie ukubwa ambao hutautumia.

Kwa vituo vidogo vya redio vinavyoniuliza kuhusu kurusha matangazo mtandaoni, hesabu ni nyingine. Sauti ya kbps 64 hutumia karibu MB 29 kwa saa kwa msikilizaji mmoja. Wasikilizaji 100 kwa saa moja ni karibu GB 2.9. Usiweke mzigo huo kwenye hosti ya pamoja. Tafuta huduma maalumu ya kurusha sauti, tovuti ibaki na maandishi na picha zake.

Seva iwe hapa nchini au nje?

Ubishi huu hauishi, na pande zote mbili zina hoja. Ukiwa na seva Ulaya, kila ombi linasafiri zaidi ya kilomita 10,000 kupitia nyaya za baharini na kurudi. Hilo pekee linaongeza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila safari, na ukurasa mmoja hufanya safari nyingi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilidorora kwa siku kadhaa. Katika hali kama hiyo tovuti iliyohifadhiwa nchini ina nafasi nzuri zaidi ya kuendelea kufunguka kwa watu wa nchini, kwa sababu watoa huduma wa intaneti wa hapa hubadilishana mawasiliano kupitia vituo vya ndani kama TIX cha Dar es Salaam, bila kuvuka bahari.

Kwa upande mwingine, kampuni kubwa za nje zina mafundi zamu ya usiku, jenereta za akiba na vituo vya data kadhaa. Uliza kampuni ya ndani seva zao ziko wapi hasa. Nyingi zenye ofisi hapa hukodi seva Ulaya au Marekani na kukuuzia kwa shilingi. Si kosa, almradi wakwambie.

Maoni yangu: kama wateja wako ni wazazi wa shule mkoani, seva ya ndani ina mantiki. Kama ni watalii wanaoweka nafasi kutoka Ujerumani, weka karibu nao. Na kabla ya kulaumu umbali, angalia picha zako. Picha ya MB 5 iliyotoka moja kwa moja kwenye simu hulemaza ukurasa kuliko bahari yoyote.

Jambo moja halihusu kasi. Kama tovuti yako inakusanya majina, namba za simu, matokeo ya wanafunzi au taarifa za wagonjwa, unaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo ina masharti kuhusu kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi. Shule, zahanati na SACCOS waulize Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya kuchagua hosti ya nje kwa sababu tu ni rahisi.

Nakala rudufu: hapa ndipo watu hulia

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021, moto ulizuka katika vituo vya data vya kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Hii ni moja ya kampuni kubwa za hosti barani Ulaya. Jengo moja liliteketea lote na jingine likaungua kwa sehemu. Hakuna aliyejeruhiwa, lakini tovuti nyingi mno zilizimika, na baadhi ya wateja waligundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa katika eneo lile lile lililoungua. Watengenezaji wa mchezo wa kompyuta uitwao Rust walitangaza kwamba taarifa za seva zao za Ulaya zilizokuwa pale zimepotea moja kwa moja.

Moto si lazima. Tarehe 31 Januari 2017 mtaalamu wa GitLab, huduma inayotumiwa na waandika programu dunia nzima, alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata hai akidhani yuko kwenye seva nyingine. Walipokimbilia nakala, wakakuta njia zao tano za kuhifadhi hazikusaidia: nyingine zilikuwa zimeshindwa kufanya kazi kwa muda, na barua pepe za onyo hazikuwa zikifika. Kilichowaokoa ni nakala ya saa sita nyuma ambayo mtaalamu huyo huyo alikuwa ameichukua kwa ajili ya majaribio. Kilichoingizwa kwenye hifadhidata ndani ya saa hizo sita kilipotea. Nao ni watu ambao kazi yao ni kompyuta.

Basi kampuni ikikwambia "tunafanya bakapu kila siku", endelea kuuliza. Zinakaa wapi, jengo hilo hilo au jingine? Zinahifadhiwa kwa siku ngapi? Ukivamiwa leo na ukagundua baada ya wiki mbili, nakala za siku saba zote zitakuwa na uchafu. Je, ninaweza kuzipakua mwenyewe, na kurudisha ni bure au kuna ada? Soma na masharti: kampuni nyingi huandika wazi kwamba nakala zao ni hisani, na wajibu wa kuhifadhi ni wa mteja.

Jibu lolote watakalokupa, chukua nakala yako mwenyewe. Zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani hutumia WordPress, na kwa hizo zipo programu nyongeza za bure zinazotengeneza nakala na kuituma kwenye Google Drive au kwako. Iwe ya mafaili pamoja na hifadhidata; wengi hupakua mafaili, wakasahau hifadhidata ambamo ndimo makala na oda zote zimo. Mara moja kwa mwezi ipakue kwenye flashi au diski ya nje iliyoko ofisini. Mara moja kwa mwaka mlipe fundi ajaribu kuirudisha mahali pa majaribio, kwa sababu nakala isiyowahi kufunguliwa huwezi kuitegemea.

Bei ya mwaka wa pili

Bei inayowaka kwenye tangazo ni ya mwaka wa kwanza. Chukua mfano: kampuni moja inakupa mwaka wa kwanza kwa 30,000, kisha 120,000 kila mwaka. Nyingine inakutoza 80,000 kila mwaka. Kwa miaka mitatu, ya kwanza ni 270,000 na ya pili 240,000. Uliza bei ya kuhuisha, na iandikwe. Kama bei ni ya dola, kumbuka shilingi hupanda na kushuka, na kadi ya benki ikikataa siku ya malipo tovuti inafungwa. Uwezo wa kulipa kwa simu ni faida kubwa ya kampuni za hapa. Cheti cha usalama, kile kinacholinda mawasiliano kati ya msomaji na tovuti, hakitakiwi kukugharimu kitu kwa tovuti ya kawaida: taasisi ya Let's Encrypt hukitoa bure. Anayekutoza ada ya kila mwaka kwa hicho, mwombe sababu.

Orodha za mtandaoni za "hosti 10 bora" zisome kwa tahadhari. Waandishi wengi hulipwa kamisheni kwa kila anayejiunga kupitia kiungo chao. Na majina yanayoshindana kwenye orodha hizo mara nyingine ni ya mama mmoja: Bluehost na HostGator, kwa mfano, zote ni za kampuni ya Newfold Digital. Bora uulize watu watatu wenye tovuti unazozifahamu: mara ya mwisho ilipozimika, ilikuwaje?

Huduma kwa wateja ijaribu kabla hujalipa. Tuma swali la kiufundi Jumamosi saa mbili usiku, kwa mfano, "Nakala zenu zinakaa wapi na ninazipakuaje?" Piga na ile namba iliyoandikwa chini ya ukurasa. Kwa kampuni ya ndani, tafuta jina lake kwenye mfumo wa BRELA ujue imesajiliwa. Namba ya WhatsApp peke yake, bila ofisi wala jina la kampuni, si mahali pa kuweka tovuti ya shule yenye wanafunzi 600.

Ukiamua kuhama

Siku ya kujiunga ndiyo siku ya kuuliza utatokaje. Kwa kikoa cha .com utahitaji kukifungua kufuli na kupata msimbo wa uhamisho kutoka kwa msajili wa sasa. Fahamu kwamba kikoa kikishasajiliwa au kuhamishwa, kwa kawaida hakihamishiki tena ndani ya siku 60. Lakini mara nyingi huhitaji kuhamisha kikoa hata kidogo. Unakielekeza tu kwenye seva mpya, usajili unabaki palepale. Ndiyo maana wenye uzoefu hununua kikoa kwa kampuni moja na hosti kwa nyingine, ili wakigombana na mmoja wasipoteze vyote.

Usifute akaunti ya zamani siku ya kuhama. Jenga tovuti kwenye hosti mpya, ikague ukurasa kwa ukurasa, hamisha masanduku ya barua pepe pamoja na barua zilizomo, ndipo ubadilishe mwelekeo wa kikoa. Mabadiliko hayo yanaweza kuchukua hadi saa 48 kuwafikia watu wote, na katika muda huo baadhi ya barua bado zitaangukia kwenye sanduku la zamani. Liache wazi kwa wiki mbili, ulifungue kila siku. Hama katikati ya wiki, mwanzoni mwa mwezi wenye kazi chache, na kwa shule isiwe wiki ya matokeo.